Mifumo huria ya kompyuta: Kitendawili cha idadi ya watumiaji

MNAMO Novemba 2017, Profesa Andrew Tanenbaum, msomi wa sayansi ya kompyuta aliyestaafu kutoka Chuo Kikuu cha Vrije jijini Amsterdam, Uholanzi, alipata kupitia vyombo vya habari taarifa iliyohusu kazi ya mikono yake mwenyewe.

Mfumo uitwao MINIX, ambao aliutoa kwa mara ya kwanza mwaka 1987 ili kuwafundishia wanafunzi, ulikuwa umetiwa ndani ya chipu za kampuni ya Intel. Kwa hivyo, ulikuwa ukifanya kazi kimyakimya katika kompyuta nyingi ambazo wenyewe waliamini kuwa zinaendeshwa na Windows pekee.

Tanenbaum aliiandikia Intel barua ya wazi. Alieleza kwamba wahandisi wa kampuni hiyo waliwahi kumuuliza maswali mengi ya kitaalamu miaka kadhaa awali, kisha wakanyamaza. Alikiri kuwa leseni ya MINIX haikuilazimu Intel kumwarifu lolote, ila ingalikuwa adabu njema kumpasha habari. Aliongeza kwamba huenda mfumo wake ndio uliokuwa ukitumika zaidi ulimwenguni katika kompyuta za aina hiyo.

Kisa hicho kinadhihirisha tatizo ambalo limewasumbua watafiti kwa zaidi ya miaka 30: ni watu wangapi wanaotumia mifumo huria ya kompyuta? Ikiwa mfinyanzi mwenyewe hajui vyungu vyake vimo katika jikoni za nani, mpita njia atavihesabuje?

Maana ya mfumo huria

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoisimamia kompyuta au simu tangu inapowashwa hadi inapozimwa. Ndio unaozipa programu nyingine nafasi ya kufanya kazi, na ndio unaounganisha kibodi, skrini, printa na mtandao.

Windows ya Microsoft ni mali ya kampuni hiyo, na msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na wataalamu ili kompyuta iyafuate, haukuwekwa wazi kwa umma. Mfumo huria ni kinyume cha huo. Msimbo wake u bayana, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kuwagawia wengine.

Vuguvugu hili lilipata msingi mnamo Septemba 1983, wakati Richard Stallman wa Marekani alipotangaza mradi wa GNU. Agosti 1991, Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, alitangaza kwamba alikuwa akiandika mfumo wake kama jambo la kujifurahisha tu. Mwaka 1992 kazi hiyo, iliyokuja kujulikana kama Linux, iliwekwa chini ya leseni ya GNU.

Tangu hapo makundi mengi yamechukua kiini cha Linux na kukijengea mifumo kamili. Debian ilianza mwaka 1993, Fedora ikafuata mwaka 2003, na mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akazindua Ubuntu. Jina hilo la mwisho si geni kwa Mswahili, kwani ubuntu wa Wazulu na Waxhosa ndio utu wetu.

Uhuru unaoficha idadi

Kampuni inayouza mfumo wake ina njia nyepesi ya kuhesabu. Kila nakala huwa na nambari yake ya siri, na kompyuta huwasiliana na kampuni ili kuthibitisha kuwa nakala hiyo ni halali. Ndiyo sababu Microsoft iliweza kutangaza, mnamo Januari 2022, kwamba Windows 10 na Windows 11 zilikuwa zikitumika katika vifaa bilioni 1.4 kila mwezi.

Mfumo huria hauna mlango mmoja wa kutokea. Nakala zake zimehifadhiwa katika seva za vyuo, mashirika na kampuni katika mabara yote, na kila mmoja yuko huru kupakua kutoka popote apendapo.

Mathalani, mwalimu anaweza kupakua nakala moja, akaitia katika diski ndogo ya mfukoni, kisha akaisakinisha katika kompyuta 40 za maabara ya shule. Jioni anaweza kumwazima jirani diski hiyo hiyo. Hatua zote hizo ni halali, na hakuna hata moja inayoripotiwa kokote.

Kwa upande mwingine, kijana mwenye udadisi anaweza kupakua mifumo mitano tofauti kwa wiki moja, akaionja yote, kisha akarejea kwa ule wa zamani. Kwa mtu anayehesabu nakala zilizopakuliwa, kijana huyo ni watumiaji watano, ilhali shule nzima ya yule mwalimu ni mtumiaji mmoja.

Hali ni hiyo hiyo kwa programu nyingine huria. Disemba 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulizindua Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kila aliyeipata aliruhusiwa kuinakili na kuigawa bila kumwarifu yeyote, hivyo idadi ya nakala za mwanzo haiwezi kueleza ni watu wangapi waliofikiwa.

Hali hii haikutokana na uzembe. Wanachama wa Debian wana jaribio wanalolitumia kupima iwapo leseni fulani ni huru kweli. Huuliza hivi: tuseme mtu amekwama peke yake kisiwani, ana kompyuta lakini hana njia yoyote ya kuwasiliana na ulimwengu. Je, anaweza kuitumia programu na kuirekebisha bila ya kuvunja sheria? Ikiwa leseni inamlazimu kutoa taarifa kwa mwenye programu, basi leseni hiyo imeshindwa jaribio.

Kwa maneno mengine, haki ya kutumia bila kuripoti ni sehemu ya uhuru wenyewe. Anayetaka hesabu kamili hana budi kwanza kuiondoa haki hiyo.

Hesabu ya mauzo

Njia ya kwanza iliyotumiwa na kampuni za utafiti wa masoko ilikuwa kuhesabu mauzo. Njia hii huwafaa wenye maduka, lakini kwa mfumo unaotolewa bure huacha pengo kubwa.

Kampuni ya Red Hat, ambayo IBM iliinunua mwaka 2019 kwa dola bilioni 34, huuza usajili wa huduma kwa wateja wake, na usajili huo huhesabika. Hata hivyo, kwa miaka mingi kulikuwa na CentOS, mfumo uliotengenezwa kutokana na msimbo ule ule wa Red Hat na kutolewa bila malipo. Seva nyingi ziliendeshwa kwa CentOS, na hakuna hata moja kati yazo iliyoingia katika vitabu vya mauzo.

Upotovu mwingine hutokea dukani. Kompyuta nyingi huuzwa zikiwa tayari na Windows. Mnunuzi akifika nyumbani, akaifuta Windows na kusakinisha Linux, takwimu za mauzo zitaendelea kumhesabu kuwa mtu wa Windows. Akiiuza kompyuta hiyo baada ya miaka mitano, naye mnunuzi wa pili akairejeshea Windows, daftari halitabadilika kwa lolote.

Vilevile wapo wanaoweka mifumo miwili katika kompyuta moja na kuchagua mmoja kila wanapoiwasha. Tangu mwaka 2016, Microsoft yenyewe imewezesha watumiaji wa Windows kuendesha programu za Linux ndani ya mfumo huo. Je, mtu wa namna hii awekwe katika safu gani?

Waliojitokeza wenyewe

Kwa kuwa mauzo hayakutosha, baadhi ya wapenzi wa Linux waliamua kuitisha sensa ya hiari. Mwaka 1993, Harald Alvestrand wa Norway alianzisha Linux Counter, daftari ambalo kila mtumiaji aliombwa kujiandikisha. Aliyejiandikisha alipewa nambari, na wengi walijivunia nambari hizo kwa kuziandika chini ya barua pepe zao.

Udhaifu wa daftari hilo ulikuwa wazi. Walioandikwa ni wale tu waliosikia habari zake na kuona umuhimu wake. Karani wa benki ambaye kompyuta yake iliwekewa Linux na mwajiri hakuwa na sababu ya kujiandikisha. Isitoshe, aliyeacha kutumia Linux hakurudi kuomba jina lake lifutwe. Mradi huo ulifungwa mwaka 2018, robo karne baada ya kuanzishwa.

Debian ilichukua njia iliyo karibu na hiyo. Mtu anaposakinisha mfumo huo huulizwa iwapo angependa kompyuta yake itume, kila wiki, orodha ya programu zilizomo na zile zinazotumika. Jibu lililotangulizwa ni la. Anayetaka kuhesabiwa hana budi kulibadilisha mwenyewe.

Takwimu hizo huwasaidia wasimamizi wa Debian kujua ni programu zipi zinazopendwa kuliko nyingine. Haziwezi kueleza idadi ya watumiaji wote, kwa kuwa hakuna ajuaye ni sehemu gani ya watumiaji iliyokubali kuhesabiwa.

Kuhesabu kwa kuchungulia wavuti

Takwimu zinazonukuliwa sana leo hutokana na tovuti. Kila mara mtu anapofungua ukurasa, kivinjari chake huitumia tovuti maelezo mafupi kujihusu, yakiwemo jina la kivinjari na mfumo endeshi. Kampuni kadhaa hukusanya maelezo hayo kutoka kwa tovuti nyingi na kuyageuza asilimia.

StatCounter ya Ireland ndiyo mashuhuri zaidi. Kwa mujibu wa kampuni hiyo, msimbo wake umewekwa katika tovuti zaidi ya milioni 1.5. Februari 2024, takwimu zake zilionyesha kwamba Linux ilikuwa imevuka asilimia 4 ya matumizi ya kompyuta za mezani na vipakatalishi kwa mara ya kwanza, na habari hiyo ilishangiliwa sana na mashabiki wa mifumo huria.

Lakini asilimia 4 ya nini? StatCounter huhesabu kurasa zilizofunguliwa, si watu. Mtu mmoja anayesoma kurasa 100 kwa siku huwa na uzito wa watu 100 wanaosoma ukurasa mmoja mmoja.

Kampuni ya Net Applications ya Marekani ilitumia kanuni tofauti. Yenyewe ilihesabu wageni, kisha ikazipa nchi uzito kulingana na idadi ya watumiaji wa intaneti katika kila nchi. Kwa sababu hiyo, kampuni hizo mbili zingeweza kutoa majibu mawili kuhusu mwezi mmoja, na kila moja ikawa sahihi kwa kipimo chake. Ni kama watu wawili wanaopima mtama mmoja, huyu kwa kibaba, yule kwa mizani.

Mwaka 2020 ulitoa funzo. Takwimu za Net Applications za Machi zilionyesha Linux ikiwa na asilimia 1.36. Aprili ikapanda hadi asilimia 2.87, zaidi ya maradufu katika siku 30. Huo ulikuwa mwezi ambao mataifa mengi yalifunga ofisi na shule kwa sababu ya Covid-19, na watu wakaanza kutumia kompyuta za nyumbani. Huenda kilichobadilika sana kilikuwa mahali pa kufungulia tovuti kuliko idadi ya wanaomiliki Linux.

Baadaye mwaka huo huo kampuni hiyo iliacha kuchapisha takwimu hizo. Ilieleza kwamba mabadiliko yaliyokuwa yakija katika vivinjari yangevuruga mbinu zake za kutambua vifaa.

Kuna kasoro nyingine ambayo huwaathiri watumiaji wa mifumo huria kuliko wengine. Wengi wao ni watu wanaojali faragha, na huweka programu za kuzuia matangazo na ufuatiliaji. Programu hizo huzuia pia misimbo ya kuhesabu. Kivinjari cha Tor, kwa mfano, kiliwahi kuziambia tovuti kwamba kinatumia Windows hata kikiwa ndani ya Linux, ili mwenyewe asitambulike kwa urahisi miongoni mwa wengi.

Hivyo basi, kipimo hiki huwakosa hasa wale kinaowatafuta.

Kosa la mikahawa ya intaneti

Hata mhesabu mwenye zana nzuri huweza kukosea. Kampuni ya Valve ya Marekani, inayouza michezo ya kompyuta kupitia huduma ya Steam, hufanya uchunguzi kila mwezi kuhusu kompyuta za wateja wake. Baadhi ya wateja huombwa idhini, na wanaokubali hutuma maelezo ya vifaa vyao.

Mnamo Mei 2018, Valve ilikiri kwamba hesabu zake za miezi saba iliyotangulia zilikuwa na dosari. Uchunguzi ulikusudiwa kuhesabu kila kompyuta mara moja tu kwa mwaka, lakini mikahawa mingi ya intaneti ilikuwa ikisimamia mashine zake kwa namna iliyofanya wateja wake wahesabiwe kupita kiasi. Ongezeko hilo lilionekana hasa barani Asia, na liliwapunguzia watumiaji wa mifumo mingine asilimia yao ingawa hakuna aliyekuwa ameihama mifumo hiyo.

Jambo hili linafaa kukumbukwa kila asilimia inapotajwa. Fungu la mtu linaweza kupungua kwa sababu fungu la jirani limeongezwa, hata kama yeye hakupoteza chochote.

Hesabu ya masasisho

Njia inayoelekea kukaribia ukweli ni ile ya kuhesabu kompyuta zinapoomba masasisho, yaani marekebisho ya programu. Karibu kila kompyuta iliyounganishwa na intaneti huhitaji marekebisho hayo kwa ajili ya usalama.

Mradi wa Fedora ulianza kwa kuhesabu anwani za intaneti zilizoomba masasisho. Matatizo yalijitokeza mara moja. Maabara yenye kompyuta 40 inaweza kuonekana kama anwani moja, kwa kuwa zote hupitia mlango mmoja wa kuingilia mtandaoni. Nacho kipakatalishi kimoja kinachobebwa kutoka nyumbani hadi kazini na kisha mkahawani huonekana kama kompyuta tatu.

Mwaka 2020, katika toleo la Fedora 32, wahandisi walibuni njia ya kiungwana. Mara moja kwa wiki, kompyuta inapoomba masasisho, huongeza alama ndogo isemayo kwamba ihesabiwe. Alama hiyo haina jina wala nambari ya kuitambulisha mashine. Huonyesha tu kama mfumo umesakinishwa wiki hiyo, ndani ya mwezi mmoja, ndani ya miezi sita hivi, au kabla ya hapo.

Kwa njia hiyo wanaoonja na kuondoka hutenganishwa na wanaokaa, na mtumiaji hachunguzwi. Hata hivyo, kompyuta isiyounganishwa na intaneti haihesabiwi, na mwenye kompyuta anaweza kuiondoa alama hiyo akitaka. Zaidi ya yote, hesabu hiyo ni ya Fedora tu. Mifumo mingine ina desturi zake, na haiwezekani kujumlisha hesabu zilizopatikana kwa mizani tofauti.

Mtumiaji ni nani?

Hata tukipata mizani kamili, bado lipo swali gumu kuliko yote: nani ahesabiwe kuwa mtumiaji?

Simu za Android zimejengwa juu ya kiini cha Linux. Mnamo Mei 2021, Google ilitangaza kwamba vifaa vya Android vinavyotumika vilikuwa vimefika bilioni 3. Idadi hiyo ilitokana na vifaa vinavyowasiliana na duka la programu la Google, hivyo iliacha nje vile vinavyotumia maduka mengine, wakiwemo wateja wengi nchini China.

Iwapo Android itahesabiwa, basi Linux ndio mfumo uliosambaa kuliko mingine yote. Iwapo itaachwa nje, Linux inarudi kuwa mfumo wa watu wachache kwenye meza za ofisi. Vipakatalishi vya Chromebook navyo vina kiini hicho hicho, lakini StatCounter huviweka katika safu yake tofauti.

Kuna pia mashine zisizoonekana. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zenye nguvu zaidi duniani katika orodha ya Top500 zinatumia Linux. Seva zinazoendesha tovuti nyingi kubwa hutumia mfumo huo pia. Anayetafuta neno kupitia Google hutumia Linux bila kujua, hata kama kompyuta iliyo mbele yake ni ya Windows.

Kenya ina mfano wake. Usiku wa Agosti 24 kuamkia Agosti 25, 2019, makarani wa sensa walianza kuwahesabu wananchi kwa kutumia vishikwambi badala ya makaratasi. Vifaa hivyo, vilivyotolewa na Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, vilikuwa vya Android. Sensa hiyo ilipata watu 47,564,296. Iliuliza pia kama nyumba ina kompyuta, kipakatalishi au kishikwambi, lakini haikuuliza ni mfumo upi unaoviendesha.

Kwa hivyo, maelfu ya makarani walizunguka nchi nzima wakiwa na kiini cha Linux mikononi, wakihesabu kila kitu isipokuwa hicho. Na kama karani mmoja angeulizwa iwapo yeye ni mtumiaji wa mfumo huria, huenda angejibu kwamba hajapata kuusikia.

Kwa nini idadi ina uzito

Huenda msomaji akajiuliza hasara iko wapi ikiwa idadi haijulikani. Mkenya anaweza kulijibu swali hilo kwa urahisi kuliko wengi.

Mwaka 2010, aliyekuwa Waziri wa Mipango, Wycliffe Oparanya, alipotangaza matokeo ya sensa ya 2009, alifuta hesabu za wilaya nane za kaskazini mwa nchi akisema ongezeko lake halikuaminika. Mzozo mkali ulizuka, kwa sababu kila mtu alielewa kwamba hesabu ya watu ndiyo msingi wa mgao wa fedha na viti bungeni. Asiyehesabiwa hana fungu.

Katika soko la kompyuta mambo ni hayo hayo. Mtengenezaji wa printa huamua kuandika programu ya kuiunganisha na Linux au kutoiandika kulingana na idadi ya wateja anaodhani atawapata. Kampuni za programu za uhasibu, za usanifu wa picha na za masomo hufanya hesabu iyo hiyo. Wakiambiwa ni asilimia 1, hufunga mlango. Watumiaji nao, wakikosa programu wanazohitaji, huhama, na asilimia hiyo hupungua zaidi.

Uamuzi kama huo huzikabili serikali na shule. Mnamo Oktoba 14, 2025, Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya masasisho ya bure kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11, ilhali mifumo huria kadhaa huweza kuzifanya zitumike kwa miaka zaidi. Shule inayotaka kufuata njia hiyo huuliza kwanza kama kuna wengine walioifuata, na kama fundi atapatikana. Hapo ndipo ukosefu wa idadi huwa gharama halisi.

Hata hivyo, tiba inaweza kuwa mbaya kuliko ugonjwa. Njia ya uhakika ya kumhesabu kila mtumiaji ni kuilazimisha kila kompyuta ijitambulishe kwa mkubwa fulani kila siku. Watu wengi walichagua mifumo huria hasa ili wakwepe jambo hilo. Mwandishi wa habari anayewalinda watoa taarifa wake, au mwanaharakati katika nchi yenye serikali kali, ana sababu nzito ya kutotaka kuonekana katika orodha ya yeyote.

Jinsi ya kusoma takwimu

Wataalamu wanaoheshimu kazi yao hawatoi idadi moja tu ya watumiaji wa mifumo huria. Msomaji anayekutana na idadi ya namna hiyo anafaa kuuliza mambo manne.

Kwanza, kilichohesabiwa ni nini: watu, mashine, kurasa zilizofunguliwa, nakala zilizopakuliwa au mauzo? Pili, hesabu ilifanyiwa wapi? Takwimu za wacheza michezo hazielezi hali ya mabenki, na takwimu za tovuti hazielezi hali ya seva. Tatu, ni nani aliyeachwa nje, kwa hiari yake au kwa udhaifu wa kipimo? Nne, je, Android na Chromebook zimo?

Linganisho lenye manufaa zaidi ni la chanzo kimoja kwa muda mrefu. Ikiwa kipimo kile kile, chenye kasoro zile zile, kinaonyesha Linux ikipanda mwaka baada ya mwaka, mwelekeo huo una maana hata kama kiwango chenyewe kina shaka. Mruko wa mwezi mmoja, juu au chini, mara nyingi huwa ni habari ya mhesabu kuliko ya wahesabiwa.

Aidha, ipo hesabu inayoweza kufanywa kwa uhakika, nayo ni ya taasisi kuhesabu mashine zake yenyewe. Jiji la Munich nchini Ujerumani, lilipohamishia ofisi zake kwenye Linux, lilijua kufikia mwaka 2013 kwamba takribani kompyuta 15,000 zilikuwa zimehama. Baraza la jiji hilo lilipoamua mwaka 2017 kurejea Windows, wafuasi wa pande zote mbili waligombania gharama na manufaa, lakini hakuna aliyegombania idadi ya mashine.

Vyuo, kaunti na shule za Afrika Mashariki zina uwezo wa kufanya vivyo hivyo kwa daftari la kawaida: kompyuta ngapi, mfumo upi, tangu lini, na zinatumika au zimefunikwa vumbi. Hesabu hizo hazitatoa jibu kwa ulimwengu mzima, lakini mwalimu mkuu anayetafakari cha kufanya na kompyuta 20 kuukuu atapata jambo la manufaa kuliko asilimia ya dunia. Atajua ni shule gani ya jirani iliyotangulia, na amuulize nani.